Chora Mshale Kabla ya Kuandika Fomula: Ushauri kwa Wanaosoma Momenta na Impalsi

Juzi nililetewa ujumbe na mwanafunzi wa kidato cha tatu wa hapa Pemba, akieleza kwamba swali la mpira unaogonga ukuta limemshinda. Mpira una tungamo la kilogramu 0.4, unaufikia ukuta kwa kasi ya mita 15 kwa sekunde na kurudi kwa kasi ile ile. Yeye kapata mabadiliko ya momenta kuwa sifuri, lakini kitabu kinasema 12. Nawajibu nyote, kwa kuwa kila mwaka swali hili huwatoa jasho wanafunzi wangu wa tuisheni hapa Wete.

Momenta ni tungamo mara velositi, na velositi ina mwelekeo. Mpira ukienda una momenta ya kilogramu mita 6 kwa sekunde, na ukirudi una hasi 6; kutoka 6 hadi hasi 6 ni tofauti ya 12. Kwa hiyo chora mshale kwanza, amua upande upi ni chanya, na usiubadilishe mpaka swali liishe.

Nilipokuwa skuli niliwahi kuuliza kwa nini impalsi iwe kani mara muda, nikajibiwa mbele ya darasa zima kwamba fizikia haiwafai watoto wa kike wenye maswali mengi. Maneno yale yananiuma hadi leo. Jibu nililikuta gatini, nilipokuwa nikimsubiri baba arudi baharini, kwa kutazama tairi kuukuu lililofungwa kamba ukingoni: mashua ikiliegemea, lilibonyea taratibu, likatema maji yaliyotuama ndani yake, likaacha alama nyeusi ubavuni mwa chombo, na hakuna ubao uliopasuka.

Tufanye hesabu yake. Mashua ya kilogramu 2,000 inayokuja kwa nusu mita kwa sekunde ina momenta ya 1,000. Ikigonga zege tupu na kusimama ndani ya sekunde 0.1, wastani wa kani, yaani momenta iliyopotea ikigawanywa kwa muda, ni niutani 10,000. Tairi likiurefusha muda huo hadi sekunde 1, kani hushuka hadi niutani 1,000. Momenta iliyopotea ni ile ile, na impalsi, ambayo ni sawa na mabadiliko hayo ya momenta, ni ile ile, ila muda umeongezeka mara kumi na kani ikapungua mara kumi. Newton mwenyewe, alipochapisha kanuni yake ya pili mwaka 1687, aliihusisha kani na mabadiliko ya momenta, kwa hiyo mwanafunzi aliyeielewa kanuni hiyo hana sheria mpya ya kujifunza hapa.

Wanangu, acheni kukariri. Wapo niliowafundisha, wasichana kwa wavulana, ambao leo wanasomea uhandisi, na hakuna hata mmoja aliyefika huko kwa kukariri fomula asiyoielewa. Chora mshale, kisha jiulize kani imefanya kazi kwa muda gani. Ukikwama, rudi kwenye mshale. Ukimaliza, kagua vipimo: niutani sekunde ni sawasawa na kilogramu mita kwa sekunde, kwa hiyo jibu la impalsi lililoandikwa kwa niutani peke yake lina muda uliosahauliwa mahali fulani katika hesabu.