Kutoka uwakili hadi kambini, ubalozini na mtaani: majibu kwa wasomaji

Nimemaliza shahada ya sheria. Nianze na Law School (chuo cha mafunzo ya vitendo ya uwakili) au nitafute kazi kwenye shirika la wakimbizi? (Mwanza)

Law School kwanza. Mwenye shahada tu huishia kujaza fomu. Wakili husimama mahakamani kumtetea mkimbizi aliyekamatwa nje ya kambi bila kibali. Leseni ihuishe kila mwaka, hata ukiwa kambini Kasulu. Kisha jaribu programu ya kujitolea ya Umoja wa Mataifa: kuna nafasi za vijana wa miaka 18 hadi 26, na za wataalamu kuanzia 27 wenye uzoefu wa miaka 3.

Afisa ulinzi kambini analinda nini? (Kigoma)

Si geti! Kazi yake kubwa ni haki za wakimbizi, na penye makosa mengi ni mahojiano ya kubaini nani ni mkimbizi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1951 kuhusu wakimbizi unadai hofu ya kuteswa kwa sababu ya rangi, dini, utaifa, kundi la kijamii au msimamo wa kisiasa. Mkataba wa OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) wa 1969 uliongeza wanaokimbia uvamizi au vurugu kubwa za usalama. Mhoji anayekariri ule wa kwanza humsikia mama wa Kivu, mashariki mwa Kongo, akisema "hakuna aliyenitafuta mimi", akaliona jalada dhaifu, kumbe mkataba wa pili unamhusu moja kwa moja.

Tarehe nazo huponza watu. Usimwite mwongo aliyekosea mwezi. Muulize kama ilikuwa kabla au baada ya kuvuna mahindi. Mkalimani atafsiri "nilikimbia", si "anasema alikimbia", na asifupishe. Mwishoni msomee mhojiwa maelezo yake, asahihishe kabla hajasaini.

Mwanaharakati anaweza kuwa mwanadiplomasia? (Dodoma)

Anaweza, ila si kwa wakati mmoja: afisa wa ubalozi husema la serikali yake hata asipolipenda. Seán MacBride, wakili wa Ireland, alianza na uwaziri wa mambo ya nje (1948–1951), ndipo akaongoza shirika la haki za binadamu la Amnesty International, kisha akawa Kamishna wa Umoja wa Mataifa wa Namibia. Nobel ya Amani aliipata 1974. Kwa Tanzania, nafasi za maafisa hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira; balozi huteuliwa na Rais.

Tunadai maelezo ya mradi wa maji, kaunti haijibu barua zetu. (Kilifi)

Huenda mnauliza "pesa zimeenda wapi". Hilo ni lalamiko. Ombeni hati yenyewe: nakala ya kandarasi, orodha ya malipo, cheti cha kukamilika kwa kazi. Tajeni Sheria ya Kenya ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, Kiswahili kinakubalika. Wana siku 21 za kujibu, au saa 48 ikiwa uhai au uhuru wa mtu uko hatarini. Nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa, maana bila huo hamna pa kuanzia kuhesabu siku. Wakikataa, mna siku 30 za kwenda Tume ya Haki ya Utawala.