Kabla Hujapiga Windows, Chungulia Nyuma ya CPU

Juzi nimemkuta dogo mmoja hapa mezani kwetu mafundi wa kompyuta. Laptop ya mteja imeandika "BOOTMGR is missing", yaani haioni faili la kuwashia Windows, hata dakika mbili hazijaisha, yeye keshashika flashi ya kusakinishia Windows upya mkononi kama nesi mwenye sindano. Nikamuuliza, "Umekagua nini?" Akasema, "Bro, hii ni ya kupiga Windows tu." Nikaenda kunywa maji kwanza. Jibu hilo nililitoa mimi zamani, neno kwa neno. Haya, wadogo zangu, sogeeni.

1. Soma kilichoandikwa. NTLDR, nalo ni faili la kuwashia, ni mambo ya Windows XP, BOOTMGR ni kuanzia Windows Vista kuja juu. Ikisema "No bootable device", ingia BIOS (mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka) uone kama hata diski inaonekana. Isipoonekana, achana na mafaili, kagua waya.

2. Chomoa kila kilichochomekwa USB. Hapa ndipo nilipoumbuka.

Windows 7 ndiyo ilikuwa ya mjini. Mama mmoja, mweka hazina wa kikoba, akaleta CPU yake imefungwa kwenye kanga. Nikaiwasha: BOOTMGR is missing. Nikaingiza DVD ya Windows. Kwenye orodha nikaona Disk 0 na Disk 1, sikujiuliza hiyo ya pili imetoka wapi. Nikaformati ile kubwa, nikaketi kusubiri huku napiga stori na jirani. Mashine ikajizima, ikajiwasha: BOOTMGR is missing.

Nikarudia tangu mwanzo. Yale yale. Mara ya tatu bosi wangu akainama nyuma ya CPU bila kusema neno, akachomoa kiflashi kidogo kuliko kidole gumba, cheusi, kimejaa vumbi. Mashine ikawaka. Ndani ya kiflashi mlikuwa na kaswida. BIOS ilikuwa inaanzia USB, inatafuta BOOTMGR kwenye kaswida!

Kumbe diski ya mama haikuwa na tatizo lolote. Nilikuwa nimefuta hesabu za miaka mitatu: michango, mikopo, faini za wachelewaji. Programu ya kurejesha ikanipa utitiri wa mafaili yasiyo na majina, mengi hayafunguki. Mama alipokuja nilijaribu kusema "virusi", sauti ikagoma. Nikamwambia ukweli. Akanyamaza, akakunja kanga yake taratibu, akauliza, "Mwanangu, kwani ulishindwa kuniuliza mna nini humo?"

Jumapili tatu nilikaa sebuleni kwake naandika upya kutoka kwenye vijitabu vya wanachama, mmoja mmoja. Wanachama walikuwa wanapita kunitazama. Mmoja alitaka nimpunguzie deni, maana si hesabu zimepotea? Mama alinipa chai na maandazi kila Jumapili, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

3. Hamisha data kwanza. Washa kwa flashi ya Linux (mfumo unaoweza kuwaka kutoka kwenye flashi yenyewe), nakili, ndipo uguse kitu. Diski ikigonga tik-tik, izime. Hiyo si ya kuchezea.

4. Ukiingia Command Prompt ya kurekebishia (ule ukurasa mweusi wa kuandika amri), C ya kule si lazima iwe C ya mteja. Piga diskpart, kisha list volume, uone kila kipande cha diski na herufi yake. Dogo mmoja, simtaji, alipiga chkdsk (amri ya kukagua diski) kwenye kipande cha kuwashia cha MB 100, si chenye data, akaja kunitangazia diski ni nzima.

5. Saa ikirudi nyuma miaka, betri ya CMOS (ile inayotunza saa na mipangilio) imekufa na BIOS imesahau mipangilio. Badilisha CR2032, kagua kama SATA (njia ya diski kuongea na mashine) imerudi ilivyokuwa, AHCI au RAID.

6. BitLocker (kufuli la Windows la diski): usianze kazi kabla mteja hajapata recovery key, ule ufunguo wa kuifungulia.

Ile laptop ya juzi haikuwa flashi wala betri. Mafaili ya kuwashia yalikuwa yamepotea kweli, Windows ipo D, tukapiga amri ya kuyaandika upya, bcdboot D:\Windows, ikawaka chai yangu ikiwa bado ya moto. Dogo akaikodolea macho ile skrini, kisha akaninong'oneza: "Sasa bro, mstari mmoja huu tunamchaji shilingi ngapi?"