Toa data kwanza, kurekebisha baadaye
Dada, kama Windows inakwama njiani na hadi diski inasoma polepole, tafadhali usianze na chkdsk (programu ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski); inaweza kuimaliza diski kabisa. Kwa kompyuta nyingine, tumia programu ya Rufus kuweka SystemRescue (mfumo wa uokoaji unaowaka bila Windows) kwenye flashi ya 4GB (vilivyomo vitafutika), kisha uwashe kompyuta yako kwa flashi hiyo: bonyeza F12 kwa Dell, F9 kwa HP. Tafuta diski ya nje pale Luthuli Avenue, Nairobi, kubwa kuliko ya zamani, uendeshe ddrescue, programu iliyo ndani ya SystemRescue ya kunakili diski mbovu. Huchota kwanza sehemu zinazosomeka, mbovu huzirudia mwishoni, na ukiipa faili ya ramani (inayorekodi ilipofika), hata stima ikipotea utaendelea ulipoachia. Marekebisho yafanyie kwenye nakala, si kwenye diski yenyewe. Diski ikianza kugonga tak-tak, zima papo hapo, umpelekee fundi wa kuokoa data.