Maswali na Majibu: Na Wale Wasiofika Wodini?

Barua za mara hii karibu zote zinahusu timu za afya ya jamii za mikoa na mchango wao kwenye huduma za dharura na za kibingwa. Nimechukua sita.

Hospitali ya rufaa ina mabingwa wake na mashine zake. Watu wa afya ya jamii wanafuata nini kule? Kazi yao si chanjo na vyoo?

Swali hili hunifikia kila mara, na kila anayeliuliza hudhani ndiye wa kwanza. Daktari bingwa anamjua mgonjwa aliyelala mbele yake. Timu ya mkoa inakadiria wote wenye ugonjwa huo, kisha inauliza ni wangapi waliokifikia kile kitanda na waliobaki wako wapi. Inalinganisha matokeo ya hospitali moja na nyingine, inapima ushahidi wa tiba mpya kabla fedha hazijamwagwa, inafuatilia usugu wa vimelea dhidi ya dawa, unaosafiri na mgonjwa wa rufaa kutoka wodi hadi wodi. Vyoo navyo ni vyao, na usivibeze: kitanda kisicholaliwa na mgonjwa wa kipindupindu kinampokea mwenye mshtuko wa moyo.

Wodi zetu zimejaa mwaka mzima. Kwa nini wasiongeze vitanda tu?

Hilo "tu" ndilo linaloniudhi. Mtafiti wa afya Milton Roemer wa Marekani alishaonyesha, zaidi ya miaka 60 iliyopita, kwamba palipo na mlipaji, kama bima, kitanda kikiwekwa hakikosi wa kukilalia. Simtetei pia mkurugenzi anayejisifu kwamba wodi yake haina hata kitanda kimoja kitupu. Uchambuzi uliochapishwa Uingereza mwaka 1999 ulionyesha kwamba vitanda vya dharura vikijaa zaidi ya asilimia 85 hatari huanza kuonekana, na vikifika 90 uhaba wa vitanda huwa jambo la kila mara. Kwa hiyo kabla ya kununua, uliza: nani amesharuhusiwa tangu juzi lakini yuko bado kwa kuwa nyumbani hana wa kumhudumia? Nani amelazwa kwa presha ambayo ingedhibitiwa karibu na kwake, laiti dawa zisingekatika?

Wamefunga kitengo cha kiharusi cha hospitali yetu ndogo, sasa tunapelekwa mbali. Huku si kutuua?

Yaweza kuwa kuwaokoa. Mwaka 1979 Harold Luft na wenzake walichambua aina 12 za upasuaji katika hospitali 1,498 za Marekani. Kwa upasuaji mgumu, ule wa moyo ukiwamo, waliofanya mwingi walipoteza wagonjwa wachache. Mkono usiofanya husahau.

Kiharusi kina ushahidi wake. Mwaka 2010 London iliacha kutawanya wagonjwa katika hospitali 30 hivi, ikawapeleka wote kwenye vituo 8 vyenye timu kamili saa 24. Vifo vikapungua kuliko sehemu nyingine za Uingereza. Mwaka huohuo Greater Manchester, eneo la kaskazini mwa Uingereza, nayo ilibadili mfumo, ila iliwapeleka kwenye vituo maalumu wale tu waliowahi ndani ya saa 4 tangu dalili zianze. Tathmini ya kwanza haikuona vifo vikipungua zaidi ya kwingineko. Mwaka 2015 wakarekebisha, wakaanza kuwapeleka wote. Sharti moja dogo la nani aende na nani abaki lilitosha kuharibu hesabu, na sharti kama hilo huandikwa mezani.

Lakini msinisome nusu. London ina magari ya wagonjwa yanayokuja ukipiga simu. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu, na kama saa 3 zinaishia barabarani, kituo cha kibingwa kinabaki jengo zuri. Mkoa unaofunga kitengo kidogo bila kwanza kupanga usafiri, nao unaua.

Hospitali A imetangaza vifo mara mbili ya hospitali B. Mzazi wangu nimpeleke wapi?

Mara mbili, kati ya wagonjwa wangapi? Wenye umri gani, wamefika katika hali gani? Huenda B huwapa rufaa mahututi wake, wakafia A, na daftari la B likabaki safi. Nimechoka kusoma vichwa vya habari vyenye idadi ya vifo bila idadi ya waliotibiwa.

Timu ya mkoa inaweza kuniwahishia tarehe ya upasuaji?

Hapana. Na anayekuahidi hivyo ukimpa chochote, mripoti.

Mimi ni muuguzi kitengo cha kusafisha damu. Timu ya mkoa inataka tuandike kila mgonjwa anatoka wapi. Tumezidiwa na kazi, hii ni ya nini?

Dada, pole na kazi. Nimewahi kukaa na muuguzi kama wewe, daftari mbele yetu na ramani pembeni, tukiweka alama ya kalamu kwa kila mgonjwa. Upande mmoja wa ramani haukupata hata alama moja. Bingwa wa figo akasema huenda kule figo hazisumbui. Lakini kisukari kilikuwapo kule, presha ilikuwapo, na vyote viwili huharibu figo. Tulipoulizia tukaambiwa basi la kwanza linafika zamu ya asubuhi ikiwa imeshaanza, na la mwisho linaondoka kabla zamu ya jioni haijamalizika. Mtu anayetakiwa mara 3 kwa wiki, saa 4 kila mara, hawezi. Saa za zamu ya kati zikasogezwa kidogo zilingane na mabasi, na wa kwanza kutoka upande ule akaja amevimba miguu hadi magotini.

Kwa hiyo jaza hiyo safu. Usiandike jina la mgonjwa kwenye karatasi inayokwenda mkoani, eneo linatosha. Na usiandike "mjini" kwa kila mtu, maana wengi watakutajia kwa ndugu wanakolala siku za matibabu. Waulize walikuwa wakiishi wapi kabla hawajaanza kusafishwa damu.