Nilipanda mbegu ya epo jekundu, mbona nimevuna ya njano?

SWALI: Shikamoo Bibi Shamba. Miaka saba iliyopita mwanangu alikula epo jekundu la dukani, nikazipanda mbegu zake. Ukapona mti mmoja, na mwaka huu umezaa kwa mara ya kwanza: matunda ya njano tupu, hata doa jekundu hakuna. Jirani ana mti wa kubebesha, wake unazaa mekundu, ila yaliyo upande wa mgomba hubaki kijani. Ananiambia nyuki wamenichanganyia rangi, niukate tu. Niukate? (Msomaji, Lushoto)

JIBU: Marahaba mwanangu. Weka panga chini kwanza.

Nyuki wa shambani kwako hawana kosa. Ganda na nyama ya tufaha ni mwili wa mti mama, yaani mti unaolizaa. Chavua anayoileta nyuki kazi yake inaishia ndani ya mbegu. Ungeweza kuuzungushia mti wako mitufaha ya kila rangi, ganda lingebaki vilevile. Nyuki wa kuulizwa ni wale wa shamba lilikotoka epo la mwanao, na mengi ya madukani kwetu hutoka Afrika Kusini. Kwa kawaida mtufaha haushiki matunda kwa chavua yake wenyewe, hutaka ya mti wa aina nyingine. Kwa hiyo ulichopanda ni mtoto wa wazazi wawili wasiofanana, na ulimwona mama peke yake.

Wekundu wa ganda unasimamiwa zaidi na jeni moja, yaani agizo moja la urithi, ambalo watafiti wa Australia walilieleza mwaka 2006 wakaliita MYB1. Ikiamka, ganda hutengeneza anthosianini, rangi ya kundi lile lile unaloliona kwenye juisi ya choya. Kila mti una nakala mbili za jeni hiyo, moja ya mama na moja ya baba. Mwaka 2019 watafiti wa China walionyesha kwamba kwenye matufaha mekundu kuna kipande cha DNA (uzi unaobeba jeni) kilichohama zamani kikaja kutua mbele kidogo ya MYB1, na hicho ndicho kinachoiamsha kwa nguvu. Nakala moja yenye kipande hicho inatosha tunda kuwa jekundu.

Hapo ndipo njano inapojificha. Chukua tufaha jekundu liitwalo Gala, maana wengi tunalijua. Mzazi wake mmoja ni Golden Delicious, tufaha la njano, asiye na nakala nyekundu ya kumpa mtoto. Basi Gala lina nakala moja nyekundu na nyingine ya njano iliyonyamaza. Ukipanda mbegu za Gala, na baba akawa kama Gala, kwa wastani robo ya watoto watatoka bila wekundu. Baba akiwa wa njano, ni nusu. Mti wako ulirithi njano kwa mama na njano kwa baba. Haujaharibika, umetoa rangi ambayo mama yake alikuwa nayo siku zote.

Matunda ya kijani ya jirani ni habari nyingine, maana pale jeni ipo na inakosa jua. Gizani protini inayotengenezwa na jeni ya MYB1 huvunjwavunjwa kabla haijafanya kazi. Nilipokuwa kazini huko huko milimani nilikuwa nawaonyesha wakulima hivi: tunda likiwa bado kijani, nabandika kipande cha utepe mweusi wa mafundi umeme upande unaopigwa na jua. Siku ya kuchuma naubandua. Pembeni pamewiva wekundu, chini ya utepe pamebaki mraba mweupe wenye kingo kali kama umechorwa kwa rula. Mama mmoja aliupapasa mraba ule kwa kidole gumba, akadhani nimeukwangua. Kule Aomori, Japani, wakulima hubandika karatasi za maandishi kwa njia hiyo hiyo, tunda likaiva na neno juu yake. Mwambie jirani apunguze majani ya mgomba na matawi yaliyosongamana. Usiku wa baridi wa Lushoto utamsaidia, kwani joto hufifisha wekundu.

Sasa mti wako. Miaka saba ya mizizi hiyo usiitupe. Omba kwa jirani vikonyo, yaani vijiti vya kubebesha kutoka matawi ya mti wake, vyenye unene wa penseli. Wakati mti umepumzika na macho hayajafunguka, kata matawi mawili au matatu, pasua kila ncha, chonga kikonyo kama kabari, ukiingize pembeni ili utando wa kijani ulio chini ya gome ukutane na wenzake. Funga kwa nailoni, paka nta pale palipokatwa. Matawi hayo yatazaa mekundu kama ya jirani, kwa sababu ni mti ule ule wa jirani umehamia kwako. Tawi moja la njano liache kabisa: maua yake yatayapa chavua haya mekundu, yako na ya jirani, ilimradi yachanue wakati mmoja.