Kusoma picha yenye mafumbo: tafuta kwanza kilichokatika

Wengi wakikutana na picha yenye mafumbo huuliza moja kwa moja: fuvu maana yake nini, mshumaa maana yake nini? Ukisoma hivyo unaishia na orodha ya maana, na picha yenyewe inakupita. Anza na kitu ambacho hakiko sawa: kilichokatika, kilichopungua, kilichofichwa. Hapo ndipo kitu cha kawaida hugeuka sitiari.

Jizoeze na picha ya mabalozi wawili aliyoichora Hans Holbein mwaka 1533, iliyoko National Gallery, London. Ina takriban sentimita 207 kwa 209, kwa hiyo tafuta nakala ya mtandaoni inayokuzika vizuri. Kushoto yuko Jean de Dinteville, kulia Georges de Selve, katikati meza ya rafu mbili. Manyoya waliyovaa ni ya cheo na mali. Usiyalazimishe kusema zaidi.

Kuza rafu ya chini. Kuna luti, ndugu yake udi wa taarab, na uzi wake mmoja umekatika. Kwenye mfuko wa filimbi, moja haipo. Kitabu cha hesabu kimefunuliwa penye kugawanya, na mbele ya luti kuna kitabu cha nyimbo za Martin Luther, aliyelipinga Kanisa la Roma. Kimoja peke yake hakitoshi. Viweke pamoja, ukikumbuka kuwa ndio wakati Henry VIII, mfalme wa Uingereza, anaachana na Kanisa la Roma, uone Kanisa linavyopasuka.

Sasa lile doa refu sakafuni. Chapisha picha, fumba jicho moja, sogeza ukingo wa kulia wa karatasi karibu na jicho lililo wazi, kisha ilaze karatasi mpaka uitazame kwa ubavu. Doa litajikunja kuwa fuvu. Lisipotokea, hujailaza vya kutosha. Na angalia: fuvu likikaa sawa, mabalozi wanapotoka. Huwezi kuwaona wao na mauti kwa mtazamo mmoja. Sitiari iko hapo, katika kule kuhama kwako, na ina uzito kuliko fuvu lenyewe. Umri wao umeandikwa pia: 29 kwenye ala ya jambia la de Dinteville, 25 kwenye kitabu alichoegemea de Selve.

Malizia pembe ya juu kushoto. Nyuma ya pazia la kijani Kristo yuko msalabani, nusu kafichika. Nakala iliyokatwa ukingo humpoteza kabisa, basi hakikisha yako ni nzima kabla hujaanza.