Filta ya koni kwenye Premio: angalia vumbi kwanza

Ndugu yangu, nimekuelewa: Toyota Premio yako inapanda vilima vya Kabale, Uganda, kwa shida, na fundi anataka kung'oa boksi la filta ya hewa aweke koni, yaani filta ya wazi yenye umbo la koni. Utakachopata zaidi ni mlio. Boksi la kiwandani huvuta hewa ya nje. Koni iliyo wazi chini ya boneti huvuta hewa ya moto, yenye oksijeni kidogo. Tena Kabale iko karibu mita 2,000 juu ya bahari, hewa yenyewe ni nyepesi.

Mimi naogopa vumbi zaidi. Toa filta, pitisha kidole ndani ya mpira unaoelekea kwenye injini. Ukikuta unga mwekundu, vumbi linapita, na hilo ndilo hula ringi za pistoni na silinda. Koni za kupakwa mafuta nazo, yakizidi, huchafua sensa ya hewa.

Anza na filta mpya ya karatasi na plagi zikaguliwe. Ukishikilia koni, ikinge na joto kwa bamba, isikae chini ikavuta maji ya mvua, na boksi lako ondoka nalo (gereji vitu hupotea!). Ikiwaka taa ya injini au ukiona moshi mweusi, mtafute fundi mwenye mashine ya kupima.